Niliapa mashine ya nyasi iko sawa, Arap Tonui akafutwa kazi

Chamgei wakuu. Hii sikusimuliwa na mtu. Mikono iliyoshika spana ndiyo hii ya kizee inayoandika, na bado inaniudhi.

Ni miaka ya hamsini, shamba la chai upande wa Kericho. Mimi fundi wa kiwandani, nimetoka sekondari, naringa.

Rafiki yangu Arap Tonui alikuwa anasukuma mashine ya kukata nyasi kwenye uwanja wa tenisi wa wazungu. Ile ya visu vinavyozunguka kama pipa, na nyuma ina rola ya chuma inayoibeba.

Ikaanza kukata upande. Kushoto nyasi inabaki, kulia inanyolewa hadi udongo. Uwanja ukawa kama matuta ya viazi Londiani.

Meneja akasema Tonui anaegemea mkono mmoja. Jumamosi wageni wa Sotik wanakuja kucheza. Wakikuta uwanja hivyo, Tonui atoke kazini na kwenye nyumba ya kampuni.

Nikaweka mashine kwenye sakafu ya kiwanda, pima maji juu ya kisu cha chini, kile kisichozunguka. Kipovu cha pima maji kimekimbilia pembeni. Nikalegeza bolti za rola, nikarekebisha hadi kipovu kikatulia katikati. Raha!

Tonui akajaribu. Mbaya zaidi.

Nikapima tena palepale. Kipovu katikati kabisa.

"Chorwenyu, rafiki yangu," Tonui akaniambia, "hiyo dawa yako inaua mgonjwa."

"Kisu kiko level. Wewe sukuma kama mwanamume."

Jumamosi mpira uliruka ovyo, wageni wakacheka. Meneja akaniuliza mbele ya Tonui kama mashine ina kasoro.

"Haina, bwana."

Tonui akafunga godoro, akaenda kwao Silibwet.

Wiki iliyofuata tukaosha kiwanda kama kawaida. Nikatazama maji yakikimbilia mtaro.

Wakuu, sakafu ya kiwanda cha chai hujengwa ikiinama ili maji yatoke! Nimeiosha tangu niajiriwe! Rola ilikuwa imelala kwenye mteremko, mimi nanyoosha kisu kwa kipovu, kumbe nakipinda dhidi ya rola yake. Kasoro ilikuwa ndogo, nikaikuza mwenyewe.

Nikaipindua mashine, nikalaza kioo cha dirisha juu ya rola na kisu. Kona moja ikaning'inia. Nikasogeza rola hadi kioo kikagusa kote. Ikakata kama wembe.

Nikamwambia meneja ukweli. Akasema nafasi imeshajazwa.

Nikaenda Silibwet. Tonui akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa umekuja na mashine? Hapa nyasi inakatwa na ng'ombe, na hawajawahi kuniuliza kipovu."

Akanipa maziwa ya mursik, nikanywa. Hakunitembelea tena.

Rola hupimwa kwa kisu chake, si kwa sakafu. Na kabla hujaapa kwamba kazi yako haina kasoro, angalia umesimama wapi.

Mafundi wa humu, nyinyi mnapima na nini? Na nani amewahi kumponza mwenzake kwa kusema "iko sawa"? Semeni, nisibaki peke yangu hapa.