Gari Lililoruka Kwenye Rola

Pale kituo cha ukaguzi wa magari walimwita Bubu, naye aliitika. Ulimi wake ulikuwa mzima, ila maneno yake yalikuwa mavivu kutoka. Miaka kumi na tisa amepima breki, na ukimuuliza kitu anakuonyesha fomu usome mwenyewe.

Asubuhi hiyo liliingia gari la zahanati, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, matope hadi viooni. Dereva wake walimwita Mama Spidi, kwa sababu aliendesha kama amepakia mayai. Stika ya ukaguzi ya gari hilo ilikuwa inaisha siku hiyohiyo, na kesho yake alitakiwa kupeleka mkunga na chanjo milimani. Bila stika mpya gari halitoki.

Taa zilipita, tairi zikapita. Bubu alikuwa shimoni chini ya lori, kwa hiyo breki ya mkono akaachiwa mwenzake, Fundi Mashine. Fundi akaweka magurudumu ya nyuma juu ya rola, zile silinda za mashine zinazoyazungusha ili kupima breki, akawasha, akamwambia Mama Spidi avute breki. Gari likaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba, likasimama shubiri moja tu kutoka ukutani. Kwenye kioo cha mashine ikawaka taa nyekundu.

"Limefeli," alisema bosi wa kituo. "Katengeneze, urudi wiki ijayo."

"Bosi, breki hii jana tu imelishika mlimani na watu saba ndani!"

"Mama, mimi nafuata mashine. Mashine haina shemeji."

"Wiki ijayo! Sasa watoto wanaotaka kuzaliwa niwaambie wajibane kidogo?"

Watu wakacheka. Bubu, aliyekuwa ametoka shimoni, hakucheka. Kosa alikuwa ameliona. Akinyamaza, gari linalala hapo. Akisema, anambishia bosi mbele za watu.

"Bosi," alisema.

Wote wakageuka. "Loo, kumbe anayo sauti!" alisema Fundi Mashine.

"Hilo si la rola," Bubu aliendelea, macho chini. "Magurudumu yake yanakwenda pamoja. Ukizungusha ya nyuma, ya mbele nayo yanataka kuondoka. Tena breki yake ya mkono haishiki gurudumu, inashika shafti, chuma kinachozungusha magurudumu, huku tumboni. Lipimwe kwenye mteremko."

Bosi akamsogelea. "Na likiteremka?"

"Barua ya onyo niandikie mimi."

Nyuma ya jengo palikuwa na mteremko wa zege, wakalipandisha gari hapo likitazama juu. Bubu aliweka vigogo viwili hatua chache nyuma ya gari, akapanda mwenyewe kwenye usukani. Akavuta breki ya mkono, akatoa gia, akainua mguu taratibu kutoka kwenye breki ya mguu.

Gari likalia, likarudi nyuma.

"Linakuja!" Fundi Mashine alipiga kelele, akatimua mbio. Mama Spidi akajifunika uso kwa viganja.

Bubu alijua gari la namna hiyo hulegea kidogo kabla shafti haijakaza. Alijua, lakini jasho halikujua, lilimtiririka mgongoni. Likarudi upana wa kiganja kimoja. Kisha kimya. Likaganda.

Bosi akasubiri, akaja mbele, akalisukuma kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halikutikisika. Wakaligeuza, wakalipima tena likitazama chini. Likaganda vilevile.

"Limepita," alisema bosi akifuta mikono. "Na wewe Fundi, rudi, gari halikufukuzi! Kuanzia leo magari ya namna hii yasiguse rola. Mpeni Bubu."

"Kaka yangu," Mama Spidi alisema huku akicheka na machozi yakimtoka, "Mungu akuongezee maneno mengine kumi!"

Bubu akaleta stika mpya. Akaibandika kwenye kioo, akaisugua kwa kidole gumba, akaisugua tena ingawa ilikwisha kushika. Gari lilipotoka getini, polepole kama kawaida yake, ndipo alipoketi palepale kwenye zege. Akacheka peke yake bila sauti.