Fahali Asiyetajwa Jina

Mimi ni mtu wa migomba na kahawa, na sisi wa migomba tunapenda kuwacheka watu wa ng'ombe. Jirani yangu Kampire nilimcheka miaka mingi, ingawa siku hizi kicheko kinanikwama.

Kampire alizaliwa Kibingo, akaolewa huku kwetu Bugomora. Baba mkwe wake aliitwa Rugaju, na kwao mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa marehemu. Balaa ni kwamba rugaju ndivyo wanavyomwita fahali yeyote wa kahawia. Kampire akajitafutia njia: wa kahawia akamwita Ruhogo, jina la fahali mwekundu, na mwekundu naye akamwita Rusina, jina la wale wanaokaribia weusi. Nyumbani wote walimwelewa. Nilimtania kwamba akifika mbinguni atamwita Mungu malaika, na malaika atawaita watakatifu.

Mumewe Tumusiime alipofariki mwaka jana aliacha fahali wawili wachanga, wa kahawia na mwekundu. Boma lilihitaji mmoja tu wa mbegu. Marehemu alikuwa amemchagua wa kahawia, lakini shemeji, Asiimwe, aliyeshika boma baada yake, alimtaka mwekundu. Kampire hakubishana sana. Tangu msiba alikuwa hivyo, halii wala hacheki, ukimsalimia anaitika basi. Alisema neno moja tu: "Aliyechaguliwa na mume wangu abaki."

Ndipo ukapita mradi mmoja wa mifugo. Mtaalamu wao, Joanitha, alipima fahali wote wawili kwa futi kamba: mzingo wa kifua, kimo cha begani, urefu wa kiwiliwili. Kisha akang'oa nywele za mkia pamoja na mizizi yake. Alinieleza kwamba maabara wanasoma vinasaba vya kwenye ile mizizi, wanavilinganisha na vya ng'ombe wengi waliokwisha kupimwa, halafu wanakadiria ndama wa fahali huyu watakuwa na umbo gani kabla hata hajapanda jike. Nikamwambia aje pia anipimie wachumba wa binti zangu. Asiimwe na Kampire walikuwa wamekubaliana: mwenye matokeo mazuri abaki, mwenzake ahasiwe awe maksai wa nyama.

Siku hiyo ya kupima Asiimwe alikuwa mjini Kayanga. Joanitha akauliza majina. Kampire akaonyesha wa kahawia, akasema, "Huyu Ruhogo." Akaonyesha mwekundu. "Yule Rusina." Sote tulisikia na hakuna aliyeona ajabu, maana ndivyo anavyoongea.

Matokeo yaliingia kwenye simu ya Asiimwe wakati Kampire yuko Kibingo kwa dada yake. Ruhogo abaki, ndama wake watakuwa na vifua vipana. Yule mwingine ahasiwe. Asiimwe alifurahi kupita kiasi; hakujua ni Kampire aliyetaja majina, na kwake Ruhogo ni yule mwekundu wake. Hakungoja. Akamwita mtu wa koleo la kuhasia, na yule wa kahawia akahasiwa asubuhi hiyo hiyo.

Kampire aliporudi alimkuta fahali amesimama ametanua miguu ya nyuma, hataki kutembea. Asiimwe akampa simu asome. Akasoma, akamrudishia.

"Ruhogo ni huyu," alisema. "Ni mimi niliyemtajia yule binti."

Asiimwe alikaa chini pale pale kwenye samadi. "Shemeji, kwa nini hukulisema jina lake?"

"Ningelisemaje?"

Kampire angelitamka, Asiimwe ndiye angekuwa wa kwanza kumgombeza. Mimi nililia kwa hasira, niliwachukia wote, mpaka yule mzee aliyelala kaburini na jina lake. Kampire alichukua ndoo akaenda kunywesha ndama.

Jioni Joanitha alipiga simu, sauti ikasikika kwetu sote. "Shikamoo mama. Nimeambiwa, pole sana. Lakini msikate tamaa. Ukubwa ule huenda ameurithi kwa mama yake. Huyo ng'ombe jike bado yupo? Tutampandisha tena, mtapata mwingine."

"Marahaba, mwanangu," Kampire alijibu, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Tulimchinja siku tuliyomzika mume wangu. Hata jirani huyu alikula."