Nguvu ya Tatu Niliyoiacha

Nakumbuka asubuhi tuliyofungulia maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, yaende kwenye mashine yetu ya kusaga, huku juu milimani Same. Mfereji ulichimbwa kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake, ili akina mama wapumzike kushuka hadi Kihurio na mahindi kichwani. Hesabu za mitambo nilizipiga mimi. Nilikuwa binti niliyetoka chuoni juzi, mwanangu, na kiburi changu kilikuwa hakishikiki.

Maji yalizungusha shafti iliyosimama, kisha gia mbili za umbo la koni zikazungusha shafti iliyolala, yenye jiwe la kusagia. Mzee Elieza, fundi aliyezeekea kwenye mashine za kusaga, aliitazama ile iliyolala ikizunguka, akaona inateleza kidogo kuelekea ukutani.

"Mjukuu wangu," akasema, "gia hizi hazizungushani tu, zinakimbiana pia. Huo msukumo wa kwenda mwisho wa shafti umempa nani aubebe?"

Jibu nilikuwa nalo. Gia za namna ile hutoa nguvu tatu: moja huzungusha, moja huisukuma shafti pembeni, na moja huisukuma kwa urefu wake. Hiyo ya tatu niliiona ndogo, nikaiacha, nikachagua beringi, zile pete za chuma zinazoishikilia shafti, za aina isiyoweza kuibeba. Kuirudia hesabu kungechelewesha watu waliokwisha kuitwa. Nikamjibu mbele yao, "Babu, hayo yote yamo kwenye hesabu." Hayakuwamo.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya tisa beringi zilipasuka, shafti ikasogea, meno ya gia yakasagika. Watu walipouliza, nikasema tumeuziwa beringi feki. Kumbe nilikuwa nimemchoma Mbazi, baba wa watoto wanne, aliyetumwa kuzinunua mjini. Kufikia jioni walikuwa wakimwita mwizi, eti kanunua za bei rahisi akala hela iliyobaki, na mimi nikanyamaza.

Kesho yake Mzee Elieza alikuja nyumbani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaomba daftari langu. Alilisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Nilitamani anigombeze tu, yaishe.

"Ulichoandika chote ni sahihi," akasema. "Kilichovunja mashine ni kile usichoandika. Na sasa anayekibeba ni Mbazi."

Nililia, mwanangu, nisikufiche. Jumapili, watu walipotoka ibadani, nilisimama mlangoni nikasema beringi zilikuwa nzima, kosa ni langu, Mbazi hakuiba kitu. Mama yangu aliinamisha kichwa. Mbazi aliniangalia, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Mwaka mzima hakunisalimu, na haki alikuwa nayo.

Mashine tuliijenga upya, safari hii Mzee Elieza akiwa kando yangu. Penye wazee haliharibiki neno, ingawa mimi nilisubiri liharibike kwanza.

Basi wewe unayepiga hesabu leo, ujue kwamba nguvu usiyoipangia wa kuibeba haipotei. Itampata mtu, na mara nyingi ni yule asiyehusika. Ukiulizwa na mzee, rudia hesabu, hata kama kijiji kizima kinasubiri. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mashine hutengenezwa ikapona. Jina la mtu, sina hakika.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea", na asiwepo mtu atakayelia kwa ulichokificha.