Herufi ya Nne

Nilirudi kazini miezi mitatu baada ya kumzika mume wangu, kichwani bado kitambaa cheusi. Ofisini walikuwa wameondoa mashine za chapa za chuma na kuweka kompyuta. Nilipewa orodha ya majina ya wafanyakazi wa mgodi wa Kipushi. Majina yakaanza kutoka na herufi ambazo sikuzigusa.

Mkuu wa ofisi, aliyetuita sote raia kwa Kifaransa, alinitupia karatasi mezani.

"Citoyenne, hii herufi inatoka wapi?"

"Sikuigusa, chef."

"Basi njo nani aliigusa? Kilio iko mu vidole yako. Kesho ikitoka tena, mwingine atakaa hapa."

Wenzangu walicheka chinichini. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne na hakuna kazi nyingine ila hiyo. Niliapa sitakiacha kile kiti kabla ya kujua.

Mchana wengine walipokwenda kula, nilibonyeza vifungo vya klavye kimoja kimoja. Hakuna kosa. Viwili kwa pamoja, zikatoka herufi mbili. Vitatu, zikatoka tatu. Nikabadilisha vitatu hivyo, tena na tena, mpaka herufi ya nne ikajitokeza. Nilirudia, ikatoka ileile.

Nilimwita fundi aliyezifunga kompyuta hizo.

"Mama, waya za ndani ziko kama barabara za hapa mjini," alisema. "Zingine zinapanda, zingine zinakata. Kila kifungo iko pa njia panda. Ukifinya vifungo tatu pa pembe tatu za mraba moja, umeme inazunguka pale, mashine inaona na ya nne. Lakini muntu anafinya tatu namna gani?"

Nilitazama mikono yangu. Vifungo vya mashine ya chuma vilikuwa vigumu. Miaka yote nilivilazia vidole navyo havikuandika kitu mpaka nivigonge. Hivi vipya vilizama kwa uzito mdogo tu. Na tangu msiba, mikono yangu ilikuwa mizito zaidi.

Asubuhi nilimwonyesha mkuu. Alibonyeza vitatu mwenyewe, akaiona ya nne.

"Klavye iko na kosa yake, chef," nilisema. "Na mimi niko na yangu. Nalaza vidole."

"Utaweza kuacha?"

"Nitaacha."

Nilikata ncha ya kitambaa changu cheusi, nikaikunja, nikaiweka chini ya viganja ili vidole vining'inie. Niliandika polepole, nikiinua kila kidole kabla ya kingine kushuka. Adhuhuri mkuu alisoma orodha yote akiwa amesimama. Kisha akaniletea orodha ya pili.