Jina la Kwao Honor

Siku tuliyoambiwa baba yangu hana haki ya kuzikwa, mwenyewe alikuwa amekaa pale pale jikoni anakunywa chai.

Hakuwa amekufa. Daktari wa mjini Castlebar alishatuambia tusitegemee kufika naye Krismasi, na baba akaitikia kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Alitaka kitu kimoja tu: azikwe makaburi ya zamani ya kijijini kwetu, Kilcurra. Kule makaburi mapya, kando ya barabara kuu, alisema malori yatamkosesha usingizi.

Tatizo lilikuwa Festus Lavelle.

Festus ndiye mwenyekiti wa kamati ya makaburi. Pia ndiye jirani ambaye baba hakuwahi kumsalimia maisha yake yote.

Zamani za ugomvi wa ardhi, kabaila mwenye ardhi alimfukuza shambani babu yake baba, mzee Garvey, na kuezua paa la nyumba yake. Kesho yake asubuhi mzee Lavelle akahamia kwenye lile shamba. Kijiji kizima kikamtenga. Dukani hauziwi kitu, kanisani hakai mtu karibu naye.

Wengine walishasamehe. Sisi hapana. Nyumbani kwetu hatukutamka Lavelle. Tulisema "Mnyakuzi", na Festus alirithi jina hilo pamoja na shamba.

Basi siku hiyo akasimama mlangoni kwetu, kofia hata hakuivua.

"Kaburi la akina Garvey limejaa," akasema. "Na sheria mnaijua. Pale haingii mtu ila mwenye damu yake kwenye kaburi lenye nafasi."

Baba akamjibu huku akiangalia kikombe. "Bibi yangu Honor, mke wa mzee Garvey, yuko pale ukutani. Jiwe lisilo na jina."

"Yuko kwa watu wake. Watu wake ni nani?"

Hapo alitubana. Kwetu enzi hizo, mke akifa mara nyingi alirudishwa kuzikwa kwa ndugu zake wa kuzaliwa. Na pale ukutani kuna makaburi mawili yaliyobanana, la akina Duffy na la akina Lavelle, na lile jiwe tupu liko katikati.

"Duffy," akasema baba.

"Thibitisheni." Festus akanigeukia, akatabasamu. "Tafuta, Attracta. Tafuta vizuri."

Lile tabasamu lilinikaa rohoni kama mwiba.

Siku hizi kumbukumbu za vizazi na sensa za zamani ziko mtandaoni, bure. Nikaketi na kompyuta pale pale jikoni. Cheti cha kuzaliwa cha babu yangu, mwana wa Honor, nikakipata upesi: mama, Honor Garvey, zamani Duffy, yaani jina la kwao kabla ya kuolewa. Baba akapiga meza kwa furaha.

Ningeishia hapo. Lakini lile tabasamu lilinituma niwatafute na kaka zake babu, waliozaliwa kabla ya kufukuzwa shambani.

Mama, Honor Garvey, zamani Lavelle.

Nikasoma tena. Nikafungua cha kaka mwingine. Lavelle.

Nikajipa moyo kwamba mzee Garvey alioa wanawake wawili, wote wakiitwa Honor. Nikatafuta kifo cha yule wa kwanza na ndoa ya yule wa pili. Hakuna.

Sensa ya 1911 ndiyo iliyonimaliza. Mwaka ule waliuliza kila mke ameolewa kwa miaka mingapi na amezaa watoto wangapi. Honor alikuwa ameolewa tangu kabla ya kufukuzwa, na watoto wote walikuwa wake, wakubwa kwa wadogo.

Kisha nikapata cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa. Baba yake: Lavelle. Mama yake, zamani Duffy.

Mnyakuzi wa kwanza alikuwa baba mzazi wa Honor.

Alipolichukua lile shamba, alimpora mkwewe. Na mkwe naye, kila alipokwenda kuandikisha mtoto baada ya hapo, alilifuta jina la mkewe na kuandika la mama mkwe.

Nilimsomea baba. Akaniambia nisome tena. Nikasoma, nikiogopa nimemwua kabla ya siku zake.

Baba akasukuma kikombe kando.

"Kaburi la Mnyakuzi limebakiza nafasi?"

"Moja."

"Ya nani?"

"Ya Festus."

Baba akacheka. Alicheka hadi akakohoa, na tangu atoke hospitali hakuwa amecheka.

Nikaenda kwa Festus na karatasi zangu. Hakuzitazama hata.

"Mlijua?" nikamwuliza.

"Tangu tukiwa watoto."

"Na ukanyamaza."

"Nyinyi mlituita wezi miaka yote, na damu yetu mnayo. Nilitaka mkajisomee wenyewe." Akakunja mikono. "Sasa mpeleke makaburi ya barabarani. Garvey hawezi kulala na Lavelle."

Hapo ndipo alipokosea. Alidhani aibu itatufunga mdomo.

"Anaweza," nikasema. "Ameshaniambia umtolee nafasi."

Uso ulimshuka. Alibisha, alifoka, aliniita majina. Lakini sheria ya damu aliiandika yeye mwenyewe, na kamati ilimkumbusha hivyo mbele ya watu.

Baba alifariki kabla ya Krismasi. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani, lakini Festus alimkataza kila mtu asiguse kaburi la kwao. Alilichimba peke yake, amenuna. Mazishini alinipita bila kunipa mkono.

Mngedhani baba alilitaka lile kaburi kwa kumkomoa tu. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku yake ya mwisho ya kuongea.

Aliniuliza kwa nini lile jiwe ni tupu. Nikamweleza nilichosikia kwa wazee wa kamati baada ya siri kutoka: akina Garvey walitaka liandikwe Garvey, akina Lavelle wakataka Lavelle, wakavutana mpaka wote wakafa.

"Weka Lavelle," akasema.

Nilidhani homa imempanda.

"Wao walinyakua shamba," akasema. "Sisi tukanyakua jina lake. Mrudishie."

Nimelirudisha. Honor Lavelle, na chini yake, jina la baba: Colman Garvey, mjukuu wake.

Wewe unayechimba ukoo wako ukitafuta waliowadhulumu wenu, chimba. Ila jiandae kuwakuta na wenu wameshika mali ya mtu.

Na msidhani tumepatana. Festus alikuja kulitazama jiwe, akalitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye jina la Honor.

"Herufi zimepinda," akasema, akaondoka.