Risasi ya Ukurasa wa Mwisho

Miaka ile ya uasi, televisheni pekee iliyowaka mtaani kwetu Simi-Simi ilikuwa ya maaskari. Jirani yetu alikuwa amekimbilia Opala, nao wakachukua nyumba yake pamoja na jenereta. Kila Jumapili mchana waliitoa televisheni barazani, na sisi majirani tukaruhusiwa kusimama uani kutazama mfululizo wa shujaa mwenye barakoa nyekundu. Risasi hazikumwingia. Zilimgonga kifuani zikaanguka chini kama maharage.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikimsaidia papa, baba yangu, kushona kanzu. Mfululizo ule ulitokana na katuni, na katuni yenyewe nilikuwa nayo, vitabu vyote vinne. Tonton wangu, mdogo wake papa, aliniletea kutoka Kinshasa kabla meli hazijaacha kupanda mto. Ningenyamaza tu. Lakini Jumapili moja, ikiwa imebaki sehemu ya mwisho, askari mmoja mwenye mvi ndevuni, ambaye alizoea kutuletea suruali zake tuzitie viraka, aliuliza kwa sauti, "Sasa itaisha namna gani?"

Nikajibu bila kufikiri. "Mu kitabu anakufa. Anaachilia nguvu zake ili aokoe mji, halafu risasi moja tu inamuua."

Maaskari wote wakanigeukia. Watu wale walikuwa wanangoja kupelekwa vitani, na wengi wao walikuwa wamefunga mikononi dawa ya kuzuia risasi.

Jumapili iliyofuata shujaa hakufa. Risasi ilimgusa, ikaanguka, na mji wote ukamshangilia. Maaskari wakarusha kofia juu. Afande wao, mwanamume mwembamba ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aligeuka akanitazama.

"Wewe ndiye ulisema anakufa. Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu alinituma, afande. Ni kitabu."

"Iko wapi?"

Nilikwenda nyumbani, askari wawili nyuma yangu. Papa alikuwa kwenye cherehani. Alipoona bunduki alisimama ghafla, kanzu ikamponyoka. "Binti yangu amefanya nini?" Nilivuta kitabu cha nne chini ya godoro, tukarudi. Papa alitufuata peku.

Afande alianzia mwisho. Alisoma Kifaransa polepole, kidole chini ya maneno. Shujaa alikuwa amelala darajani, barakoa imemtoka, uso wake wa mtu wa kawaida kabisa, na tundu dogo kwenye shati. Afande alikaa na ukurasa ule muda mrefu. Nilimsikia papa akinong'ona dua.

"Bon," afande alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Haukudanganya. Watu wa televisheni ndio walibadilisha."

"Ndiyo, afande."

"Kesho ninawapeleka hawa watu. Utawaambia kitabu iko sawa na filamu. Umesikia?"

Nikawageukia. Nikasema nilikosea, nilichanganya kitabu hiki na kingine. Walicheka, wengine wakapiga makofi. Afande alitia kitabu ndani ya koti lake, na sikukiona tena.

Asubuhi yake yule mwenye mvi alikuja kuchukua suruali. Papa alikuwa ametoka kwenda msikitini. Mzee yule hakuingia, alisimama mlangoni.

"Mama, afande haiko hapa. Niambie kweli. Alikufa?"

Alikuwa na umri wa baba yangu. Nikafikiri kwamba nikimwambia ukweli labda atatoroka, labda ataishi. Nikafikiri pia kwamba akikamatwa watamuuliza nani alimwambia, na nyumba yetu iko hatua ishirini tu kutoka kwao.

"Hakufa, papa," nikamwambia mzee yule. "Ni mimi nilikosea."

"Asante." Alitabasamu, akaikunja suruali vizuri, akaenda. Kabla ya adhuhuri malori yaliwachukua.

Wachache walirudi baada ya wiki mbili. Yeye hakuwa kati yao. Niliuliza, na mmoja akaniambia walitenganishwa njiani, hajui zaidi.

Nilipomweleza papa yote, alisema nilifanya vizuri, niliwaokoa watu wa nyumba hii. Nilichukua sindano nikaendelea na vifungo, na kwa siku nyingi kila mtu alipobisha mlangoni nilikuwa nikichungulia kwanza ndevu zake.