Shofaji Iliyopika Pombe ya Posa

Aliyetengeneza kamioneti yangu, gari dogo la mizigo, alifikiria baridi ya kwao, akaiwekea shofaji, mashine ya kupuliza joto ndani. Asante sana. Hapa Bujumbura, ambapo hata jiwe linatoka jasho, ndicho kitu pekee tulichokikosa. Miaka ile ya vita kila kitu garini kilikuwa kimekufa, honi, redio, nusu ya breki. Shofaji ikabaki nzima. Ilikwama kwenye moto, ikakataa kuzimika.

Kufungua madirisha? Ya nyuma yalipigwa mawe njia ya Musaga, nikayaziba na bati. Ya mbele vishikio vilikatika zamani. Na nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, vioo haviji. Sigara zilipata njia, vioo apana.

Sasa mdogo wangu akataka kuoa binti wa mtaa wa Kibenga, na msemaji wa ukoo ni mimi. Shule nilikaa miaka miwili, lakini mdomo nilipewa bure. Kwetu huendi kuomba msichana mikono mitupu. Unabeba urwarwa, pombe ya ndizi, na ikiwa mbaya, msichana umsahau. Dada yangu alinipa madumu mawili, tamu kabisa.

Makanika wangu, Mukongomani wa Uvira, alikuwa ameniambia mapema: "Muzee, maji ya moto ya moteri inapita ku mipira mbili, inaingia mu shofaji. Tuunganishe ile mipira na kipande ya bomba, maji isifike kule. Joto inaisha."

"We unataka kuniharibia gari," nikamjibu.

Mimi nilijua zaidi, bila shaka. Nikakata waya wa feni ya shofaji. Gari likisimama, poa. Likitembea, upepo wa mbele unasukuma joto lilelile ndani. Nikaziba matundu ya dashibodi kwa matambara. Nilijisifu mpaka bariyeri ya kwanza, kizuizi cha wanajeshi njiani. Kumbe joto lilihamia tundu la chini, la miguuni, pale nilipopanga madumu yasianguke.

Mleta pombe huonja kwanza, ijulikane hakutia sumu, na wakati wa vita hakuna aliyesahau desturi hiyo. Nilifungua dumu mbele ya wakwe, likalia kama tairi, povu likanirukia shati. Nikanywa. Siki tupu. Nikameza, machozi yananitoka, nikasema: "Nzuri."

Baba wa msichana, karani mstaafu, akaonja, akafuta midomo. Mdogo wangu akaangalia viatu vyake.

"Hii pombe imepita bariyeri ngapi?" mzee akaniuliza.

"Mbili, baba."

"Inaonekana waliipiga kote kuwili."

Nikamweleza yote, waya na matambara. Akatoka nje, akatia mkono garini, akautoa haraka.

"Mutoto wangu mutamupata. Lakini hataingia mu tanuri hii. Tengeneza kwanza, na urudi na pombe ingine."

Makanika alimaliza kuunganisha ile mipira yake kabla sijamaliza kumwomba radhi.

Siku ya harusi mvua ikanyesha. Kioo cha mbele kikajaa ukungu, na joto la kuufukuza ndilo nililokuwa nimeliondoa, hongera kwangu. Bibi harusi akakipanguza kwa glavu zake nyeupe kutoka Kibenga mpaka kanisani, akashuka amezikunja mkononi, nyeusi kama makaa. Mpaka leo huyo shemeji yangu, nikimletea pombe, anasimama mbele yangu kusubiri nionje mimi kwanza.